Mtu wa Ishirini

Fundi makochi alikuwa hodari wa mambo mawili: kupiga misumari na kulaumu chama cha mtaa.

Misumari aliibana mdomoni. Aliitoa mmoja mmoja, ta, ta, ta, mpaka kitambaa kikakaa sawa juu ya sponji. Lawama alizitoa akiwa na mke wake tu. Mbele ya watu fundi hakuwa msemaji. Alikuwa na kigugumizi, na kigugumizi chake kilipenda wageni.

"Chama gani hiki?" alisema kila wakati wa chai. "Mtaro uko wazi mwaka wa pili sasa. Wanakutana, wanapiga domo, wanarudi kulala."

"Na wewe umekwenda mara ngapi?" mkewe aliuliza.

"Mimi nina kazi, bwana."

Mtaro huo ulipita mbele ya nyumba zote za mtaa. Kina chake kilifika kiunoni. Kila nyumba iliweka ubao wa kuvukia, na mbao zenyewe zilikuwa zimechoka.

Asubuhi moja mama yake fundi alikuwa anavuka kwenda kununua mboga. Ubao uliteleza, mama akaenda chini mzima mzima. Walimtoa ana matope mpaka masikioni, na mkono mmoja umevunjika. Mdomo, ashukuriwe Mungu, ulikuwa mzima.

"Mwanangu anatengeneza viti watu wakalie," alisema, "mimi nimekalia tope!"

Watu walicheka. Fundi naye alicheka kidogo, kisha akaenda nyuma ya karakana, akalia. Mvua kubwa zilibakiza wiki sita. Mtaro ukijaa maji, mama akianguka tena hatatoka hai. Fundi aliapa mtaro ule lazima ufunikwe, hata kama ni kwa mikono yake.

Siku ya tatu alikuja Nesi, jirani wa nyumba ya pili, kumtazama mgonjwa. Nesi ndiye aliyekuwa katibu wa chama cha mtaa. Fundi alipomwona, hasira zilimpanda.

"Cha-chama chenu kinangoja nini? Mpaka a-afe mtu?"

Nesi alikagua vidole vya mama kwanza, kimoja kimoja. Kisha akasema taratibu, "Shemeji, kinakungoja wewe."

"Mi-mimi?"

"Wewe. Ofisi ya mji inayo mabamba ya zege ya kufunikia mtaro. Lakini haipokei ombi la mtu mmoja mmoja. Inataka ombi lililopitishwa na mkutano wa mtaa. Na mkutano hauwezi kupitisha jambo mpaka wafike wanachama ishirini. Idadi hiyo inaitwa akidi. Akipungua mmoja tu, tunaweza kuongea mpaka koo zikauke, lakini hatuwezi kuamua."

"Mlikuwa wa-wangapi?"

"Mara ya kwanza kumi na tisa. Mara ya pili kumi na tisa. Na jina lako limo daftarini, ulitia sahihi mwenyewe siku chama kinaanza."

Fundi alikaa kitako kwenye kochi la mteja, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Miezi yote ile alidhani kutokwenda kwake hakumdhuru mtu.

"Watu husema asiyekuwepo na lake halipo," Nesi aliendelea. "Safari hii hukuwepo wewe, na la mtaa mzima halikuwepo. Sikulaumu, shemeji. Chama ni cha hiari, hatumvuti mtu kwa shati. Kila asiyekuja ana sababu yake. Mmoja anasema mikutano ni mirefu. Ni kweli, na tutaifupisha. Mwingine kanuniana na mwenyekiti kwa ajili ya kuku, leo anakuja, kesho haji. Yako wewe ndiyo siijui."

"Nina ka-kazi."

"Mwambie ukweli!" mama alifoka kutoka kitandani. "Mkono umevunjika wangu, si wako!"

Fundi alitazama sakafu. Akasema, kwa shida, kwamba katika mikutano kila mtu husimama na kujitambulisha. Shuleni aliwahi kusimamishwa ataje jina lake. Jina lilikwama, darasa zima likacheka mpaka kengele ikalia. Alikuwa mtoto wa miaka tisa. Tangu siku hiyo hakukanyaga mahali ambapo watu husimama wakajitaja.

Nesi hakucheka. "Pole sana, shemeji. Kumbe sisi wenyewe ndio tunakufukuza bila kujua. Basi sikiliza. Kanuni za chama hazisemi mtu ajitambulishe. Ni mazoea tu. Nitasoma majina daftarini, kila mtu atainua mkono. Na kura pia ni mkono. Ukitaka, hutasema hata neno moja."

Mkutano ulikuwa Jumamosi alasiri, katika darasa la shule. Watu wazima walijibana kwenye madawati ya watoto, magoti yamegusa videvu. Fundi alipoingia, mwenyekiti, mwoka mikate mnene, alihesabu kwa kidole. "Ishirini! Jamani, leo tumetimia!"

Watu walipiga makofi. Fundi alikaa karibu na mlango.

Mwenyekiti alikuwa ameambiwa habari ya daftari. Lakini mazoea yana taabu. "Haya," alisema, "kama kawaida, tujitambulishe."

Nesi aliinuka haraka kumkatiza. Fundi tayari alikuwa wima, uso kwa mlango. Hatua mbili tu, awe nje. Hatua mbili, na wabaki kumi na tisa. Alimkumbuka mama akitolewa shimoni, matope yanamchuruzika masikioni.

Aligeuka. Akampungia Nesi mkono: acha.

"Mi-mi-mi..." Mtu alicheka nyuma. Fundi alilishika dawati. Alisubiri, akavuta pumzi, akaanza upya. "Mi-mimi ni fundi ma-makochi. Ma-mama yangu ndiye aliyea-anguka. Nimeupima mtaro. Hatua mia mbili na ku-kumi. Si-siondoki hapa mpaka tu-tuamue."

Kicheko kilikufa palepale. Mwenyekiti alisafisha koo. "Umesikika, fundi. Wanaokubali tupeleke ombi, mikono juu."

Mikono ishirini iliinuka. Hata wa yule aliyenuniana na mwenyekiti kwa ajili ya kuku.

Nesi aliandika ombi siku hiyohiyo, akataja na kipimo cha fundi. Wiki ya tano mabamba ya zege yalikuja, na watu wa mtaa wakasaidia kuyapanga. Mvua iliponyesha, maji yalipita chini yakinguruma. Mama alisimama juu ya bamba la zege, mkono umefungwa shingoni, akalikanyaga kwa kisigino mara tatu.

"Linashinda viti vyako," alimwambia mwanawe, akaenda zake kununua mboga.

Mkutano uliofuata, mwenyekiti hakusahau. Nesi alifungua daftari, akasoma majina, na kila aliyetajwa aliinua mkono. Likafika jina la fundi makochi.

Fundi hakuinua mkono. Alisimama.

"Ni-nipo," alisema.