Lebo za Mzee Nhan

Asubuhi Thoa aliingia katika kiwanda chao, chumba kirefu nyuma ya nyumba, mjini Phan Thiet, pwani ya Vietnam. Mapipa ya samaki na chumvi yalinuka kama kawaida. Mumewe, Khiem, akawasha mkanda wa kupitishia chupa, nazo zikaanza kujazwa mchuzi wa samaki.

Kila chupa ilivaa lebo yenye jina la marehemu baba mkwe wa Thoa, Mzee Nhan. Zamani mama mkwe alizibandika kwa mkono. Vidole vyake vilipoanza kufa ganzi, walinunua mashine ya kubandika. Tangu hapo lebo hazikushika.

Asubuhi hiyo lebo moja iliteleza, ikaanguka. Khiem akaikanyaga bila kuona.

"Unamkanyaga baba yako!" mama mkwe alifoka.

"Si mimi, Mama, ni hii mashine. Tumeuziwa mbuzi kwenye gunia!"

Thoa aliiokota lebo, roho ikimuuma. Mama mwenye duka la sokoni alikuwa amewarudishia chupa zisizo na lebo. Alisema wazi kwamba zikija hivyo tena kabla ya Tet, sikukuu ya mwaka mpya, atachukua mchuzi wa watu wengine. Jina la Mzee Nhan lingetoweka sokoni.

Thoa akamwita jirani yao Quyen, fundi katika kiwanda cha maji ya chupa. Quyen hakuanza kwa kufungua mashine. Aliifuata chupa moja kwa macho toka mwanzo hadi mwisho.

"Shoga, mnajaza, mnabandika lebo, halafu ndipo mnaosha?"

"Lebo ni ya nailoni, maji hayaidhuru," Khiem alidakia.

"Gundi je? Hebu pitisha kidole kwenye chupa kabla haijafika kwenye mashine."

Khiem akapitisha. Kidole kilinata mchuzi.

"Gundi yako inashika mchuzi, haishiki chupa. Jaza, funika, osha, kausha, ndipo ubandike. Bibi, wewe ulikuwa unafanyaje?"

"Nilifuta kila chupa, nikaiacha ipigwe na upepo. Nani anabandika lebo kwenye chupa iliyolowa?" mama mkwe alijibu.

"Mbona hukutuambia, Mama?" Thoa aliuliza.

"Mliniuliza? Mliniambia nikapumzike."

Khiem akainamisha kichwa. Aliona haya kwelikweli.

"Sasa mbona mashine mmeibana hapa, pasipo nafasi ya kuoshea na kukaushia kwanza, na kule mwisho kuna nafasi tele?" Quyen aliuliza.

Wote wakatazama mwisho wa chumba. Kule kulikuwa na meza ya tambiko, yenye ubani na picha ya Mzee Nhan. Hata ndoo haikuwekwa mbele yake.

"Meza haisogezwi," mama mkwe alisema.

"Ibaki, Bibi. Tutaupinda mkanda upite pembeni. Mbele yake patakuwa wazi."

Mama mkwe aliwasha ubani, akarusha sarafu mbili kwenye sahani ili kuomba ruhusa. Zote zikalala upande mmoja.

"Amekataa," Khiem alinong'ona.

"Mbishi tangu ujana wake," mama mkwe alisema, akaziokota. "Mzee, jina lako linakanyagwa. Usipotusaidia, litapotea mimi nikiona."

Akarusha tena. Safari hii kila moja ililala upande wake. Mzee alikuwa amekubali.

Wakahamisha mashine, wakaweka feni za kukausha chupa baada ya kuoshwa. Mwanzoni lebo zilikaa upande, kwa sababu mkanda ulikwenda mbio kuliko mashine.

"Viende mwendo mmoja," Quyen alielekeza. "Na jaribuni chupa chache kwanza. Kesho mkwaruze pembe za lebo. Zikishika, ndipo mfanye nyingi."

Kesho yake mama mkwe alizikwaruza mwenyewe. Hakuna iliyobanduka. Tangu hapo kazi ya kukagua ikawa yake, na hakuna chupa iliyotoka bila yeye kuiona.

Tet ilipokaribia, mama wa dukani naye alikwaruza lebo kwa ukucha, akanuna kidogo, kisha akaagiza chupa zaidi. Thoa alirudi nyumbani akicheka peke yake njiani.

Mama mkwe alipopata habari, alichukua chupa moja. Ilikuwa kavu, lakini akaifuta tu kwa mazoea. Akaiweka mbele ya picha, jina likitazama nje.

"Haya, Mzee," alisema. "Umebandikwa ukashika. Sasa acha ubishi."