Sauti ya Mwalimu Gwakisa

"Hakuna programu inayonishinda mimi, labda iwe bado haijatengenezwa!" Ikram alijigamba.

"Jana ulishindwa kufungua mlango wa choo," alijibu Tabu.

"Ulikuwa umefungwa kwa ndani!"

Wanachama wa klabu ya kompyuta wakacheka. Shuleni kwao, pale Tunduma, kompyuta nzima ilikuwa moja tu. Nyingine zilikuwa mapambo. Hiyo moja ndiyo iliyomsomea Tabu vitabu, maana Tabu alikuwa haoni. Ilisoma kwa sauti ya Mwalimu Gwakisa, aliyejirekodi silabi moja moja kabla hajafariki. Lafudhi yake ilikuwa ya Kindali hasa, na kwenye neno refu ilisitasita kama lori linalopanda mlima. Hapo Tabu alikuwa akicheka kila mara.

Mfumo wa kompyuta ile ulikuwa huria: yeyote aliruhusiwa kuufungua na kuurekebisha. Programu zake zilikuja kama vifurushi, na kifurushi kimoja kiliweza kuazima vitu vya kingine. Siku hiyo wenzao walipoondoka, Ikram akaamua kufuta mchezo wa magari ili nafasi ipatikane. Kompyuta ikauliza: niondoe pia vifurushi visivyo na mwenyewe? Ikaorodhesha majina. Ikram hakuyasoma. Akabonyeza ndiyo.

Tabu akabonyeza kitufe cha kusomewa. Kimya.

"Ikram, Mwalimu hasemi."

"Umeme umekatika ukarudi," Ikram alijibu upesi. "Si unaijua Tunduma?"

Tabu aliweka kiganja juu ya spika, kama anayepima homa ya mgonjwa.

Madam Restuta, mlezi wa klabu, naye aliambiwa ni umeme. Akaenda kwa mjane wa Mwalimu kutafuta nakala. Hakukuwa na nakala.

Jumamosi palikuwa na msiba kwa jirani. Mama yake Ikram akamtuma akachukue sufuria lao kubwa lililoazimwa huko. Ikram akalinyanyua.

"Wewe mtoto, rudisha!" Mama Jenista, mmoja wa wapishi, alifoka. "Huoni vitambaa?"

Mtaani kwao, kila mpishi anayelihitaji sufuria msibani hufunga kitambaa kwenye sikio la sufuria hilo, na akimaliza hufungua chake. Kikibaki hata kimoja, mwenye sufuria mwenyewe haligusi. Ikram akasimama pale, machozi yakimtoka. Tuseme ni moshi.

Jumatatu alimfuata Madam. "Sauti ya Mwalimu iliwekwa kwa mkono, Madam. Nadhani umeme uliporudi, kompyuta ikaiondoa yenyewe, haikujua kuwa kuna anayeitumia. Tuufundishe mfumo: kila anayeazima afunge kitambaa chake. Na kinachoondolewa kikae kwanza ghalani, kisifutwe papo hapo."

Waliandika utaratibu huo, wakakosea, wakafuta, wakaandika tena, hadi ukafanya kazi. Madam akautuma kwa watengenezaji wa mfumo, nao wakajibu kwamba wanaujaribu. Sauti nyingine ya kusomea ikapatikana, ya mwanamke, laini, isiyokosea. Tabu akarudi kwenye vitabu vyake. Ila hakucheka tena kwenye maneno marefu.

Klabu ilipokutana, Madam akamsimamisha Ikram. "Waeleze wenzako wazo lilianzaje."

"Umeme ulipokatika siku ile, mimi nikafikiri..."

"Haukukatika," Tabu alisema taratibu. "Feni ilikuwa inazunguka juu yetu, wala haikusita. Nilikusikia ukibonyeza. Mwalimu akanyamaza."

"Mbona hukusema, Tabu?" Madam aliuliza.

"Nilikuwa namsubiri aseme yeye, Madam."

Madam akamgeukia Ikram. Hakufoka, na hilo ndilo lililouma.

"Kitu kilichofutwa hukaa kwenye diski hadi kingine kiandikwe juu yake. Ungesema siku ileile, huenda tungemrudisha. Sisi tumeandika juu yake kila siku. Kukosea, mwanangu, kila mtu hukosea. Lakini kosa likifichwa, hata wanaotaka kurekebisha huzidi kuharibu."

Juu ya kichwa cha Ikram feni ilikuwa inazunguka, na wote waliisikia.