Kitabu Kisichoazimwa

Mvua ya Kitale haipigi hodi. Siku ile ya maonyesho ya kilimo ilimwagika mpaka ng'ombe wa gredi wakatafuta miavuli, na watu wakajisukuma ndani ya hema la chuo kikuu. Humo Nangila, sketi yake ya kijani imenyooshwa pasi, alikuwa akieleza wageni maana ya sayansi ya habari. Kijana mrefu wa jaketi la ngozi alimsikiliza huku akitafuna hindi la kuchoma.

"Ati unaenda chuo kikuu kusomea kupanga vitabu?"

"Na rekodi za hospitali, na nyaraka za serikali, na kompyuta za benki. Hata magazeti yanatutafuta. Wewe je?"

"Ngige. Nauza spea za trakta hapa mjini. Sasa, siku moja naweza kukuazima?"

"Mimi ni kile kitabu hakitoki maktaba, bana. Kinasomewa hapo hapo."

Ngige alicheka mpaka hindi likamtoroka. Tangu jioni hiyo simu zao zilipata moto, hata Nangila angeweza kuchemsha chai juu ya yake.

"Umekula, mrembo?"

"Nimekula, Bwana Spea. Na wewe?"

Alipohitimu, Nangila aliajiriwa kitengo cha rekodi katika hospitali moja ya Bungoma. Asubuhi moja mama mmoja alisimama dirishani, leso shingoni, na jua linawaka. Alikuwa Mama Mwihaki, mamake Ngige, aliyewahi kumpikia mukimo.

"Mwanangu," alinong'ona, "huu uvimbe wa shingo unapasuliwa. Nimekuja mbali ili Ngige asijue. Babake alipougua, yeye alifunga duka, akakonda, nikadhani nitawazika wawili. Nakuomba..."

"Usiniombe, mama. Habari ya mgonjwa haitoki hapa bila ruhusa yake. Ndiyo kazi yenyewe."

Jioni Ngige akapiga. "Mathe wangu amesema yuko harusi huko Bungoma. Hamjaonana?"

"Muulize mwenyewe, mpenzi," Nangila alijibu.

Kumbe jirani mmoja wa Kitale alikuwa amemwona mama wodini, akampasha Ngige. Kesho yake Ngige alitua pale dirishani akihema kama trakta inayopanda Mlima Elgon.

"Ulijua?"

"Siwezi kukujibu, Ngige."

"Mama yangu anapasuliwa, na wewe unaniuliza kama nimekula! Basi. Usinipigie tena."

Nangila alilia mto ukalowa hadi godoro. Neno moja tu, kwamba mama ndiye aliyetaka iwe siri, lingemrudishia mpenzi wake. Lakini hata neno hilo lilikuwa la mama. Asubuhi akarudi kazini, neno halijamtoka.

Mwishowe simu ikalia. "Ni mama yako wa Kitale. Nimepona. Njoo Jumapili."

Alienda na gauni la samawati. Mama alikuwa shingo wazi, kovu dogo likimetameta. Ngige alikuwa anahesabu nyufa za sakafu.

"Huyu alikubali kukukosa ili anitunzie siri," mama alimwambia mwanawe. "Namshukuru Mungu kwa daktari, na namshukuru kwa huyu. Sasa mdomo wako umeenda wapi?"

Ngige alipiga magoti. "Nisamehe, Nangila. Mathe ni mzima, na mimi nilikuja kukufokea badala ya kusema asante. Nimwoe nani kama si wewe? Pete inakuja. Kwa sasa shika washa hii, kipete cha chuma cha bolti ya trakta."

Ilimwenea kidole gumba. Nangila aliigeuzageuza, akicheka na machozi.

"Nimekubali. Lakini ujue, kuanzia leo hata wewe huazimwi."

Mama alikuwa keshaingia jikoni kupika chai, anaimba kwa nguvu, na leso ameitundika msumarini.