Bomba Lisilokatwa

Jua lilikuwa linazama Mama Kidoti alipomfuata mumewe karakanani, wala si kwa mapenzi, ni uchovu tu, siku ya tisa hiyo mtoto analia, analia, hata maji ya kuoga mama mtu hajayaona.

"Mpokee mwanao kidogo, Baba Kidoti. Nitaanguka."

"Ngoja nimalize boksi la spika la yule bibi." Fundi alijifuta maranda usoni. "Ajuza anataka sabufa! Gari hana, redio hana. Eti besi isikike kifuani, si masikioni."

Bibi huyo alikuja na bomba lake mwenyewe, lile la kutolea hewa kwenye boksi, akaonya lisikatwe. Fundi hakuafiki. Bomba likiwa refu, mlio wa boksi hushuka chini mno. Yeye alitaka mlio wa hezi thelathini na tano, muziki uchezeke.

"Napima mara moja, halafu nalikata."

Alibandika ukanda wa karatasi mdomoni mwa bomba, akawasha amplifaya, akawa anashusha mlio polepole. Thelathini na tano. Thelathini. Ishirini na nne...

Kwenye kumi na tisa, koni ya spika ikasimama tuli. Karatasi ikapepea. Hapo ndipo fundi hujua boksi limeshika: koni inatulia, bomba linapumua.

Masikio hayakusikia kitu.

Kidoti akanyamaza.

Akanyamaza kabisa! Mama mtu akajikuta ameketi juu ya maranda.

"Acha hapo hapo."

"Hapo si pa muziki, mke wangu."

"Nakusihi. Usilikate."

Fundi akaweka msumeno chini.

Ndipo ikaja harufu. Maziwa yaliyochacha... yanatoka bombani. Fundi akazima amplifaya. Akachomoa na waya.

Karatasi iliendelea kupepea.

Ndani... nje... Na kifua cha Kidoti kikifuata, ndani... nje...

"Hodi."

Bibi alikuwa amesimama mlangoni.

"Shikamoo, bibi," Mama Kidoti alinong'ona.

"Marahaba. Nani kachagua lisikatwe?"

Fundi akamwonyesha mkewe kwa kidevu.

"Ahsante, mwanangu. Mama akichagua mwenyewe, hakuna ugomvi."

Boksi lile hubebwa na wanaume wawili. Yeye alilitia kwapani, akaenda zake.

Tangu hapo Kidoti hulala, hunyonya, hukua. Ila akilia, mdomo hufunguka, machozi humwagika, sauti hamna. Daktari alimulika koo, akasema halina kasoro. Fundi amezunguka mitaa yote akimuulizia yule bibi, hakuna anayemjua. Siku hizi kila bomba analikata bila kupima, wala hamtazami mkewe machoni.

Na kila magharibi vikombe hutetemeka kabatini, kama gari lenye besi linapita mbali. Majirani wanasema hawasikii lolote. Mama Kidoti huweka kiganja kifuani, akamsikia mwanawe analia huko liliko boksi, na mtu anambembeleza.

Kidoti, mapajani mwake, hunyoosha mikono dirishani, ataka kubebwa.