Herufi za Ukutani

Kila siku baada ya shule, Chiriku alipitia chuo kikuu kumsubiri mama yake. Mama ndiye aliyempa jina hilo la utani, maana mdomo wake haukujua likizo. Mama alikuwa kibarua kwenye maabara ya kemia, akiosha chupa. Wakitoka walisimama penye ubao wa matangazo ya kazi: watafiti, mafundi, makarani, madereva. Chiriku alisoma, mama akasikiliza.

Siku moja ikatangazwa nafasi ya msaidizi wa maabara, ajira ya kudumu. Mama aliomba, akafaulu usaili. Kilichobaki kilikuwa kupimwa macho katika zahanati ya chuo.

Chiriku aliingiwa na hofu. Nyumbani mama alimwaga chai nje ya kikombe, na kila mara bega lake la kushoto liligonga mlango.

"Jicho limechoka tu," mama alisema. "Usinitangaze, mwanangu. Kazi hii nimeililia miaka."

Basi Chiriku akajitia kikohozi, akaenda zahanati, akakariri herufi zote za ubao wa kupimia macho. Jioni walizirudia jikoni mpaka mama akazimeza.

"Mwalimu mkali wewe!" mama alicheka.

Siku ya kupimwa ilifika. "Funika jicho la kulia, dada, unisubiri kidogo," muuguzi alisema, huku akiuondoa ubao uliochakaa ili atundike mpya.

Wasiwasi ulimzidi mama. Hakusubiri. Alivuta pumzi, akautazama ukuta, akazitaja herufi zote, za juu hadi za chini, bila kusita.

Chiriku, aliyekuwa mlangoni, alitamani ardhi ipasuke immeze.

"Dada," muuguzi alisema kwa upole, "ukutani hakuna kitu."

Mama alishusha mkono. Machozi yakamtoka.

"Mimi ndiye niliyemfundisha," Chiriku alisema, naye akilia.

Daktari alimpima mama kwa makini. Ilikuwa presha ya macho. Jicho la kushoto lilikuwa limekwisha, lisingerudi tena. La kulia nalo lilikuwa limeanza kuharibika, ila lingeweza kuokolewa kwa dawa ya matone ya kila siku. Kazi alipewa mtu mwingine.

Njiani mama alimshika mkono. "Ulinionea huruma, nami mtu mzima nikakubali. Kosa langu ni kubwa kuliko lako. Tungefanikiwa kuwadanganya, ningepofuka kabisa. Ukiona naumwa, sema, hata nikikukataza."

Wiki zilipita. Matone yalifanya kazi, na jicho la kulia halikuharibika zaidi. Jioni moja walisimama tena penye ubao wa matangazo. Chiriku alianza kusoma nafasi ya maabara, kisha akanyamaza.

"Chiriku leo kimya? Malizia."

"Mwombaji awe na macho mazima, yote mawili."

Mama alimshika bega.

"Hiyo si yangu," alisema. "Soma inayofuata, mwanangu. Usiruke neno."