Kidole Kwenye Mshipa

Njia kuu ilizunguka mlima, lakini dereva hakuwa mtu wa kuzunguka. Alikatiza kwenye mto uliokauka ili aokoe nusu saa. Gurudumu la mbele likazama mchangani, gari likabiringika, na muuguzi alipotambaa nje, mdomo umejaa vumbi, alimkuta dereva, shemeji yake, amelala chali, paja limechanwa na bati karibu kabisa na kinena. Damu ilikuwa inaruka.

Jeraha lilikuwa juu mno, hapakuwa na pa kufunga kamba. Muuguzi alipapasa kinena, akaupata mshipa mkubwa unaodunda juu ya mfupa, akaukandamiza kwa kidole gumba na uzito wake wote. Damu ikatulia.

Simu ya upepo ilikuwa imepasuka. Kilichobaki ni kungoja watu wa zahanati waone chanjo walizokuwa wanapelekewa zimechelewa, wafuate alama za matairi. Jua lilipanda bila huruma. Kwa mguu alivuta sanduku la chanjo, akang'oa kwa meno kizibo cha chupa ya barafu, wakanywa maji yaliyoyeyuka, funda yeye, funda mgonjwa.

Mkono ulianza kufa ganzi, na hasira ya miaka miwili ikaamka. Kazini hakuchagua dereva. Angechagua, asingekuwa huyu aliyemwoa dada yake. Dada alijifungua salama, kisha kigimbi kikavimba, kikawa cha moto. Usiku mmoja tu, bonge la damu likasafiri toka mguuni hadi mapafuni. Msibani mume aliapa kwamba mkewe alilala mzima, hakulalamika. Muuguzi hakuwahi kumwamini.

"Shemeji, dada aliomba kupelekwa hospitali?"

Dereva alifumba macho, akasema hayo si maneno ya saa hii.

"Ni ya saa hii hii. Kidole ni changu."

Dereva akakiri kwamba mkewe aliomba, tena zaidi ya mara moja. "Nilikuwa nimetoka safari, nimechoka. Nikamwambia tungoje kupambazuke."

Ngojangoja huumiza matumbo, husema watu; ya dada ilipanda mapafuni. Muuguzi akainua kidole. Hakuhitaji nguvu hata chembe, ilikuwa kama kupumzika. Damu ilimlowesha hadi kiwiko, midomo ya dereva ikapauka, na moyo wa muuguzi, tuseme kweli, ulifurahi. Dereva hakupiga kelele. Alimtazama tu, ameelewa.

Lakini maiti haisimulii, na mama aliyewazaa yeye na dada alikuwa bado hajasikia. Akarudisha kidole, akakandamiza kwa ghadhabu.

"Utaishi," alimwambia. "Utamwambia mama kwa mdomo wako."

Gari la zahanati liliwafikia alasiri. Kidole kilikuwa kimekakamaa, ikabidi mganga wa zahanati akibandue taratibu huku akiweka chake.

Dereva alipoweza kuketi kitandani, mama aliletwa wodini. Dereva alisimulia yote: kigimbi, maombi ya mkewe, uchovu wake. Mama alimsikiliza hadi mwisho, akamwambia asikanyage tena nyumbani kwake. Muuguzi, akiwa mlangoni, alishiba. Kisha akangoja dereva aseme na lile jingine, la kidole kilichoinuliwa.

Hakulisema. "Mimi niko hai kwa sababu ya huyu," alisema, akimtazama muuguzi machoni.

Mama akainuka, akaushika mkono wa kulia wa binti yake, akakibusu kidole gumba. Muuguzi alitaka kuuvuta mkono, ila hakuwa na sababu ya kumpa mama.