Pikipiki ya Mume wa Atabo

Haya yalimpata rafiki yangu Mutua, fundi wa magari ya serikali kule Lodwar, mwaka wa sabini na nne. Alikwenda Kakuma kuchukua pikipiki kuukuu ya mashindano kwa mjane mmoja, Atabo. Mumewe alianguka nayo mtoni, kwenye mchanga mkavu, wala hakuamka tena.

"Chukua tu," Atabo alisema. "Mimi nachoka kusikia hii."

Mutua alidhani Kiswahili kimemteleza, kwamba alitaka kusema kuiona. Akaitengeneza upya, kipande kwa kipande, akawa anaifungia stoo. Lakini kila asubuhi aliikuta injini ina joto. Akamshuku Cornelius, aliyekaa naye nyumba moja na kushindana naye katika mbio za pikipiki.

"Unaiendesha kwa siri!"

Cornelius aliapa kwa Mungu, kisha akahama kwa hasira.

Siku ya mashindano Kakuma, mchana, vumbi lilipanda likameza jua. Giza totoro likatanda. Mutua alianguka pale pale mtoni alipofia mume wa Atabo, injini ikazimika. Cornelius, aliyekuwa nyuma yake, alisimama, akazima yake, akapapasa hadi akamfikia.

"Umeumia, ndugu yangu?"

"Hapana. Mchanga umeingia."

Mutua aling'oa plagi, ile inayotoa cheche za kuwasha injini, aipulize. Ndipo injini ikaanza kunguruma, polepole, miguuni pao.

"Zima basi," Cornelius alinong'ona.

"Plagi ninayo mkononi."

Mutua akainama, akaupapasa usukani gizani. Mpini wa eksileta, wa kuongezea mafuta, ulikuwa ukizunguka wenyewe, nao umelowa jasho.